Vyaelea, Vimeundwa: Siku Nne za Mwalimu wa Bara Kisiwani Lamu

Dodoma haina bahari. Hata hivyo, anayesikiliza taarifa ya habari ya jioni hapa kwetu atasikia kwamba taifa lina dira, kwamba timu imepata nahodha mpya, kwamba vyombo vya usalama vimeimarisha doria na kwamba mipango ya fulani imekwenda mrama. Yote hayo ni maneno ya mabaharia, nasi tunayatamka tukiwa mamia ya kilomita kutoka ufukweni, katikati ya mibuyu na mashamba ya zabibu, bila kujiuliza yamefikaje huku. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 18, na ninakiri kwamba nami sikujiuliza, hadi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliponyoosha mkono na kuuliza mrama ni nini. Nilimjibu kwamba ni hali ya mambo kuharibika. Akasema, kwa adabu zote, "Hiyo ni kwenda mrama, Mwalimu. Mimi nauliza mrama wenyewe."

Jibu lipo katika kamusi: mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, kikilala upande huu na kuinukia upande ule. Nililisoma, nikamwambia siku ya pili, naye akaridhika. Mimi sikuridhika. Niliona kwamba nimekuwa kama mtu anayesifu pishi ambalo hajalionja, na nikaamua kwamba likizo ya Juni iliyofuata ningekwenda mahali ambapo maneno haya bado yana kazi.

Fikra ya kwanza ilikuwa Zanzibar. Katika jengo la Beit al-Ajaib, pale Forodhani, kulikuwa na mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba, uliojengwa upya mwaka 2003 kwa kufuata ufundi wa zamani, ambao nilikusudia kuuona tangu nikiwa chuoni, na kama ilivyo desturi ya watu wenye nia njema nikaahirisha mwaka hata mwaka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaanguka lilipokuwa likikarabatiwa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Basi nikaelekeza macho kaskazini zaidi. Mwenzangu anayefundisha Jiografia, ambaye hakuwahi kukataa safari yoyote, alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Safari ya basi ni ndefu na haina cha kusimuliwa, ila kwamba kutoka Mombasa barabara hupita Malindi, Garsen na Witu na kuishia Mokowe, ambako bara inakwisha na abiria wote hulazimika kuwa watu wa majini. Tuliingia mashua, mizigo ikarushwa juu yetu, na baada ya muda mfupi mji wa Lamu ukajitokeza, nyumba zake nyeupe zikiwa zimejipanga ukingoni kama watu waliokuja kupokea wageni. Mji huu umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyumba za kale ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ambazo huamua upana wa chumba, kwa kuwa chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa boriti. Mwenzangu alilipenda jambo hilo kuliko yote aliyoyaona mjini, na kwa siku nne kila tulipoingia ndani ya nyumba alikuwa akihesabu hatua.

Makumbusho ya Lamu yamo katika jengo kubwa linaloitazama bahari, lenye roshani, ambalo wakati wa ukoloni lilikaliwa na maofisa wa Kiingereza. Tuliingia asubuhi na mapema, wakati wageni wengine wakiwa bado wanakunywa chai, kwa hiyo tulikuwa karibu peke yetu. Nilipita mbio mbele ya mengi ambayo siku nyingine yangenisimamisha: zidaka za ukutani, milango iliyonakshiwa, mavazi ya harusi, na zile siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa, ya pembe iliyotoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe, ambazo zilipulizwa katika sherehe za wakubwa na ambazo mpulizaji huzipuliza kwa ubavuni, si kwa nchani. Nilikuwa na haja moja tu, nayo ilikuwa chumba cha vyombo.

Humo wamepanga mifano midogo ya vyombo vya mwambao, kila kimoja na jina lake: mtumbwi, hori, ngalawa, dau, mashua, jahazi, mtepe. Kwa mtu wa bara yote hayo ni "boti", na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, kwa maana nimewahi kusahihisha insha za wanafunzi nikifuta "boti" na kuandika "jahazi" kwa wino mwekundu, kwa sababu tu jahazi lilionekana kuwa neno lenye hadhi zaidi. Ngalawa ina mbao mbili za kuegemea maji, moja kila upande, ili isipinduke. Hori halina. Jahazi ni chombo kikubwa cha mizigo, na lile la Lamu lina omo iliyosimama wima, tofauti na la Unguja ambalo omo yake imelala kwenda mbele. Omo, nilijifunza upya, ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni ya nyuma. "Tezi na omo marejeo ni ngamani," tunawafundisha watoto, na ngama ni tumbo la chombo, pale maji yanayovuja hukusanyika. Maji hayo hukimbilia omo chombo kikiinama mbele, hukimbilia tezi kikiinama nyuma, lakini mwisho wake yatarudi katikati. Nimeieleza methali hii mara nyingi sana. Sikuwahi kuyaona maji yenyewe.

Mbele ya mtepe nilisimama muda mrefu kiasi kwamba mwenzangu alitoka nje, akazunguka mji, akarudi na kashata. Mtepe ni chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zimeshonwa, na neno kushona hapa halina sitiari yoyote: hutobolewa matundu kandokando ya kila ubao, vikapigiliwa vigingi vya mti ili mbao zisiteleze, kisha kamba za makumbi ya nazi zikapitishwa na kukazwa, tundu kwa tundu, tangu omo hata tezi. Tanga lake halikuwa la kitambaa. Lilikuwa mkeka wa miyaa, wa pembe nne, uliopandishwa mlingotini kama jamvi linaloanikwa. Omo yake ndefu iliyoinuka husemwa kuwa ni shingo ya ngamia, kwa kumbukumbu ya ngamia wa Mtume, na huchorwa macho ili chombo kione njia.

Kuna hadithi ya zamani iliyoenea Bahari ya Hindi kwamba vyombo vilishonwa kwa sababu chini ya bahari kuna miamba ya sumaku inayong'oa misumari. Ni hadithi nzuri, na nadhani aliyeitunga hakuwahi kununua chuma. Chuma kilikuwa ghali, minazi ilikuwa tele, na chombo kilichoshonwa kina sifa ambayo cha misumari hakina, kwamba kikigonga mwamba au kikiburutwa mchangani hunyumbuka badala ya kupasuka. Gharama yake ilikuwa kwamba kamba huoza, hivyo chombo kilipaswa kufumuliwa na kushonwa upya kila baada ya muda, na kwamba maji yalipenya bila kukoma, ikabidi daima awepo mtu wa kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Kamba zenyewe zilitokana na kazi ya miezi: makumbi huvumbikwa matopeni hadi yalainike, hufukuliwa, hupondwa mpaka zibaki nyuzi, na nyuzi husokotwa kwa viganja. Kazi hiyo mwambao mzima imekuwa ya wanawake, kwa hiyo nadhani si kosa kusema kwamba mtepe uliundwa na wanaume na kushikiliwa pamoja na wake zao.

Ufundi huu ni wa kale mno. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliandika habari za bandari iliyoitwa Rhapta, kusini mwa pwani yetu, akasema kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa, kwa kuwa katika lugha yake neno hilo lina maana ya kushona. Wareno walipofika mwaka 1498 wakavikuta vyombo vya kushonwa vikiendelea na shughuli zake. Tulipopita Mombasa tuliona ndani ya Fort Jesus vitu vilivyoopolewa kutoka katika meli yao, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 chini ya ngome hiyo wakati wa mazingiwa. Meli kubwa ya misumari na mizinga iko chini ya maji kwa zaidi ya miaka 300, na mtepe uliendelea kubeba boriti na chumvi hadi miaka ya 1930. Kisha nao ukatoweka, kwa kuwa misumari ilipata bei nafuu.

Siku ya pili tulikodi mashua kwenda Shela, kijiji kilicho kiasi cha kilomita tatu kusini mwa mji. Mtu anaweza kutembea kwa miguu, na watu wengi hufanya hivyo, lakini sikuja kutoka Dodoma ili nitembee. Ulikuwa msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, nao ukitujia usoni, na hapo nahodha, kijana wa miaka kama 25 hivi, akatuambia kwamba itabidi tubishe. Nilidhani anataka tujadiliane bei upya. Kumbe kubisha ni kukiendesha chombo dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari, upande huu kisha upande ule, ukiupata mwendo kidogo kidogo kutoka kwa upepo usiotaka kukupa. Kila tulipogeuka, baharia wake aliizungusha foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, kuipitisha ng'ambo ya mlingoti, nasi tukaamriwa kuhamia upande wa joshi, yaani upande unaotoka upepo, ili uzito wetu ukizuie chombo kisilale. Upande wa pili ni demani. Kuna ubao mrefu unaotokezwa nje kwa upande wa joshi, na baharia huenda kuketi nchani mwake, juu ya maji matupu, akizungumza na simu.

Katikati ya kugeuka kwa tatu, nahodha alinitazama akapaza sauti, "Mwalimu, ndoo!" Nilitazama chini, nikaona ndoo ya plastiki ikielea ngamani, nikaitwaa upesi nikampelekea. Aliipokea kwa heshima, akaiangalia, akaniangalia. Mwenzangu alikwisha kuanza kucheka. Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, njoo hutamkwa ndoo, kama vile njia ni ndia na njaa ni ndaa. Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tano kanuni hiyo kwa kutumia mashairi ya kale, nikiandika ubaoni mifano sita, na siku moja tu niliyohitaji kuijua, nikaleta ndoo. Tulipokaa sawa, kwa kuwa nilikuwa nayo mkononi, nikaanza kufua maji. Yalikuwa kidogo, yenye rangi ya chai. Nahodha alipoelekeza chombo upande mwingine yalitiririka kwenda tezi, akakiweka sawa yakarudi miguuni pangu.

Shela ni kijiji kilichoanza kwa watu kuhama. Wakazi wa Takwa, mji wa mawe uliokuwa katika kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo, waliuacha mji wao mwishoni mwa karne ya 17, na baadhi ya wazao wao wako Shela hadi leo, na bado huvuka kwenda kuomba dua penye magofu ya mababu zao. Nyumba zimesongamana, vichochoro ni vyembamba hata punda akipita na mzigo mtu hujibana ukutani, na juu ya yote umesimama mnara wa msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, mnene chini na mwembamba juu, mweupe. Nyuma ya kijiji kuna vilima vya mchanga ambavyo mgeni huviona kama mahali pa kupiga picha tu, ilhali ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mvua yanayokinywesha kisiwa.

Ufukwe wa Shela ndio uliobadili historia ya pwani yote, na sababu yake ilikuwa maji kupwa. Karibu mwaka 1812 au 1813, jeshi la Wamazrui, watawala wa Mombasa, pamoja na washirika wao wa Pate lilikuja kwa vyombo na kutua hapa ili kuitiisha Lamu. Watu wa Lamu waliwapiga na kuwarudisha nyuma hadi ufukweni. Kule walikoviacha vyombo vyao, maji yalikuwa yamekwisha kutoka, vyombo vimelala ubavu mchangani, na hakuna mtu anayeweza kusukuma jahazi kwa kilomita nzima ya mchanga mkavu huku akifukuzwa kwa mikuki. Wengi waliuawa hapo hapo. Kwa hofu ya kulipizwa kisasi, wazee wa Lamu waliomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Oman, naye akaleta liwali na askari, ngome iliyo katikati ya mji ikakamilishwa mwaka 1821, na tangu hapo mkono wa Oman ukaendelea kushuka kusini hadi Sultani mwenyewe alipohamishia makao yake Unguja. Sisemi kwamba bila maji kupwa pale Shela kusingekuwa na Usultani wa Zanzibar, lakini ninasema kwamba sijawahi kuona kitabu cha shule kinachotaja maji hayo.

Lugha ina neno lake kwa yaliyowakuta: walipwelewa. Ni kukwama kwa chombo maji yanapopwa, na ndilo hilo hilo tunalolitumia mtu anapopwelewa na sauti baada ya kuimba usiku kucha. Hata pwani yenyewe ni pale panapopwa. Nilimweleza mwenzangu hayo tukiwa tumeketi mchangani, naye akanikatiza kwa kunionyesha alama za maji ukutani, akaanza kueleza bamvua na maji mafu: mwezi ukiwa mwandamo au mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi ukiwa nusu hayaendi mbali. Bahati mbaya ya wavamizi, alisema, si kwamba walikuja, ni kwamba hawakusubiri. Kijiji cha leo kina hoteli nzuri na majumba yaliyonunuliwa na watu wa Ulaya ambao hufika kwa majuma machache kwa mwaka, na nyumba nyingi tulizopita zilikuwa zimefungwa. Tulikunywa maji ya ukwaju tukarudi, safari hii upepo ukiwa mgongoni, kwa robo ya muda tuliotumia kuja. Kwa mawimbi ya nyuma mashua iliyumba kwa utaratibu, ikilala huku na kuinukia kule. Nilimuuliza nahodha hiyo ndiyo inaitwaje. "Hii? Huu ni mrama, Mwalimu. Na ni mdogo."

Siku ya tatu ilikuwa ya Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, kando ya mikoko, ambako majahazi huundwa na kukarabatiwa. Tulifika maji yakiwa yamejaa hadi penye mizizi. Chini ya kivuli cha makuti kulikuwa na jahazi jipya ambalo lilikuwa bado mifupa: mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa, na mbao tatu tu zimekwisha kupigiliwa. Mzee aliyekuwa akichonga kwa tezo alijibu shikamoo yetu bila kuinua kichwa, akamaliza alichokuwa akifanya, ndipo akatupatia mkono. Hakukuwa na mchoro wowote. Nilipouliza anajuaje umbo litakavyokuwa, alinyoosha kidole kwenye macho yake. Taruma, alisema, halipindwi. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, na fundi akiingia msituni huangalia mti huku akiliona jahazi. Mbao zikikamilika hupigwa kalafati, yaani pamba iliyopakwa mafuta hushindiliwa katika kila ufa, na sehemu ya chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu ili minyoo ya bahari isile mti.

Niliona kwamba mzee hasemi kujenga wala kutengeneza. Nyumba hujengwa, kitanda hutengenezwa, lakini jahazi huundwa, na alitumia neno hilo kwa jahazi tu. Huku kwetu tunaunda tume na kuunda kamati ndogo, na kama zinaelea ni suala jingine. Ndipo nikamwuliza kuhusu methali ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania ameiandikia insha: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wanafunzi wangu huandika habari za majumba, magari na watu waliosoma kwa bidii. Ni kweli, lakini sikuwahi kusimama nikawauliza, vipi hivyo vinavyoelea? Ngeli imelificha neno. Nilipomwambia mzee kwamba ni hapa tu ndipo nimefahamu kuwa ni vyombo, alinitazama kwa mara ya kwanza kwa makini. "Vyombo, naam," akasema. "Kwani nyinyi huko mlidhani ni sahani?"

Kazi, alisema, imepungua. Boti za faiba zenye injini hazihitaji kalafati, mbao nzuri ziko mbali na ghali, na chombo alichokuwa akikiunda kilikuwa cha mtu atakayekitumia kwa watalii. Hakulalamika, alisema tu, kisha akamwonyesha kijana wake pale ambapo keekee ilikuwa imetoboa kidogo upande. Nilikuwa na daftari, nikaandika majina ya sehemu zote kadiri alivyozitaja, nikichora mishale kwenye mchoro mbaya wa jahazi, na nilikuwa nimefika kwenye kamba za tanga, henza na hamarawi, mzee aliposimama akatazama mikoko. Mizizi ilikuwa nje, weusi wake ukimeta, na kati yetu na mashua yetu kulikuwa na ukanda wa tope ambao haukuwapo tulipofika.

"Mwalimu, andika baadaye," alisema. "Maji yanapwa, mtapwelewa hapa mpaka usiku."

Tulivua viatu tukakimbia.